Wimbo wetu umetolewa mashindanoni eti ni mfupi! Nani kawaambia urefu ndo uzuri?

Assalam alaykum wana jamvi, na wengine wote hamjambo. Nina hasira na huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

Sisi ni watu wa Lamu, Langoni. Mimi narekodi na kutengeneza biti, anaimba mtoto wa ammi yangu, na rafiki yetu mmoja anapiga udi. Juzi tumetolewa kwenye mashindano ya nyimbo hapa hapa pwani (waandalizi siwataji, wanajijua) kwa sababu moja tu, wimbo wetu una dakika 1 na sekunde 48. Fomu tuliyojaza haikusema chochote kuhusu urefu, nimeisoma tena na tena, imesema lugha iwe Kiswahili, maneno yawe na adabu, wimbo uwe wako mwenyewe, basi. Kiingilio wamepokea bila swali. Tumefika pale, binti ameimba, ukumbi umenyamaza kabisa, alafu jaji mmoja mtu mzima wa heshima zake akashika kipaza akasema mbele ya watu wote, "Hini si nyimbo mwanangu, hini ni tangazo." Watu wakacheka. Binti wa watu akashuka na hakusema neno mpaka tumefika nyumbani. Mimi hapo ndo nilipowaka, na mpaka leo sijapoa.

Nawawekea maneno yake ili msiseme natetea kitu msichokijua:

Nahodha nambia, wangu umemwona?
Pwani nangojea, usingizi sina.
Bibi karejea, kwa mwengine jana.

Wimbo wote ndo huo. Ile mistari miwili ya mwanzo anaimba mara tatu, kila mara sauti inazidi kukaza, udi uko nyuma yake unamfata polepole, alafu udi unanyamaza, mstari wa nahodha unaimbwa mara moja peke yake bila chombo, na hapo nimezima kila kitu. Nahodha ashajibu, sasa huyu mwanamke aimbe nini tena? Jaji wa pili akatushauri tuongeze ubeti mke amlaani mumewe, na mwengine amuombe Mungu ampe subira, alafu turudi kwenye kiitikio mara nne ili watu "washike". Yani jibu limetoka, kila aliyekaa pale limemchoma, alafu sisi tuanze kumueleza kwamba limemchoma!

Na hesabuni mizani basi kama nyinyi ni wajuzi. Kila mstari 12, sita kwa sita, na vina vimekaa kati na mwisho. Mistari mitatu namna hiyo ndo wimbo wa kwetu tangu zamani, iwe mizani 12 ama 16, wazee wetu wamesemezana, wamechokozana na kuposana kwa beti kama hizo na hakuna aliyeuliza mbona umemaliza mapema. Kina mama kwenye vugo, ile ngoma yao ya harusini, pembe mkononi na kijiti, wanatoa ubeti mfupi wa fumbo, unajibiwa, unarudiwa mpaka aliyekusudiwa ajijue. Hata nyimbo za kubembeleza watoto na zile za kuvutia mashua nchi kavu ni maneno mawili matatu tu yanazunguka. Sasa leo mtu wa Lamu ananiambia ufupi umeletwa na TikTok, huyo kakulia wapi?

Kinachonikera zaidi ni hii kusema "taarab za zamani zilikuwa na urefu wake, nyinyi vijana ni wavivu". Zamani ipi? Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alipovuka kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za wakati ule zilikuwa zinazunguka mara 78 kwa dakika na ile ya kawaida ya inchi 10 upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu, ukipitiliza sindano imefika kwenye karatasi ya katikati na hakuna cha kufanya. Kwa hiyo taarab iliyomfanya ajulikane pwani nzima ilibidi ipunguzwe iingie kwenye dakika tatu, na hizo santuri ndo wazee wetu walilia nazo. Zikaja santuri za LP mwaka 1948 zenye kubeba zaidi ya dakika 20 kwa upande, na bado mwaka uliofata zikatoka zile ndogo za kuzunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mmoja huku mmoja kule, dakika mbili tatu, na dunia nzima ikazinunua. Kaseti ndo ilifungua mlango huku kwetu, manake ya dakika 60 ina nusu saa kila upande na hiyo nusu saa lazima ijazwe, sasa ndo tukazoea wimbo unaopita dakika kumi tukadhani umeshushwa hivo kutoka mbinguni.

Alafu tuseme ukweli kuhusu urefu wa taarab ya harusini, manake mimi nimekaa nyuma ya kinanda kwenye harusi nyingi tu, Lamu mjini, Shela, mpaka Malindi. Wimbo unarefuka kwa sababu ya kutunzwa. Mwimbaji anafika kwenye kibwagizo, mama mmoja anainuka na noti yake anakuja anacheza taratibu anamtunza, nyuma yake wanainuka wanne, kila mmoja ana mtu wake pale ukumbini anayemlenga na yale maneno, huwezi kumaliza wimbo na mtu yuko njiani na noti mkononi! Unazungusha kibwagizo mpaka wa mwisho amerudi kukaa. Ni kitu kizuri sana, nakipenda na kinanipa riziki, ila urefu huo ni wa sherehe, wenyewe walioutengeneza ni wale kina mama. Ukiuchukua wimbo ule ule ukaurekodi studio ambako hakuna anayeinuka, zile zamu za kuzungusha zinabaki tupu, unasikia kibwagizo mara tisa na hakuna aliyekiomba.

Na hapa ndo nataka watu wanielewe. Kwenye wimbo mfupi anayerudia ni msikilizaji. Huu wetu tuliutuma kwa marafiki kabla ya mashindano, nikauona unavyosikilizwa kwenye baraza na kwenye boti ya kwenda Mokowe, mstari wa nahodha unapita, kuna nukta moja ya kimya, alafu mtu anasema "hebu rudisha". Hakuridhika kusikia mara moja, anataka asikie tena akiwa anajua jibu, na mara ya pili ule mstari wa kwanza "wangu umemwona" unamuuma tofauti kabisa manake sasa anajua nahodha anaficha nini. Tungemrudishia sisi wenyewe mara nne asingeomba tena. Wimbo mfupi unaingia kichwani wote, mtoto wa madrasa anaushika kwa siku moja, fundi anauimba juu ya dari kutoka mwanzo mpaka mwisho, haumuachi mtu ameshika kiitikio peke yake na beti hazijui. Mimi sioni aibu kusema napenda nyimbo za namna hii, nazipenda kuliko zile za dakika tano ambazo dakika ya kwanza ni mtu kujitaja jina lake na la prodyusa na la mji wake.

Kuna na mambo ya maisha tu ambayo majaji hawayafikirii. Sio kila mtu ana bando la kumwaga. Mp3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB moja kwa kila dakika, kwa hiyo wimbo wetu haufiki hata MB mbili, unatumwa WhatsApp na kufunguliwa hata kule mtandao unakosuasua ukitoka Lamu mjini kuelekea visiwani. Status ya WhatsApp yenyewe miaka mingi ilikuwa sekunde 30 tu, na video ya TikTok ilianza na sekunde 15. Skiza nayo, ile ya kuweka wimbo badala ya mlio wa simu, anayepiga simu anasikia kipande tu mpaka upokee. Watu wanasikiliza hivi, walahi sio kosa lao, na fundi anayepima shughuli yake kabla ya kukata mbao hatukanwi.

Sasa najua mtakuja na ile hoja ya pesa, kwamba nyimbo zimefupishwa ili zipigwe mara nyingi. Ni kweli ipo na sitaikataa. Spotify, ule mtandao wa kusikilizia nyimbo, inahesabu wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na ikishapita hapo wimbo wa dakika mbili na wa dakika saba unahesabiwa sawa, kwa hiyo kwa saa moja wimbo mfupi unajipigia hesabu mara nyingi zaidi. Mwaka 2024 wakaongeza na sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu, ambayo kwa sisi wadogo ni dhulma ya wazi ila hiyo ina uzi wake siku nyengine. Lakini hiyo sheria ya sekunde 30 haimlazimishi mtu kutunga vibaya, kama vile sindano ya santuri haikumlazimisha Siti. Lil Nas X alitoa Old Town Road ya dakika 1 na sekunde 53, ile rimiksi na Billy Ray Cyrus nayo haikufika dakika tatu, na mwaka 2019 wimbo huo ukakaa namba moja kwenye chati ya Marekani ya Billboard Hot 100 wiki 19. Huwezi kuniambia watu wa nchi nzima wamekaa na tangazo wiki 19.

Mimi mwenyewe zipo nyimbo fupi zinazonichefua na nazisema. Wimbo mfupi na wimbo uliokatwa ni vitu viwili tofauti na masikio yanajua. Uliokatwa unasikia kabisa kisa kimeanza, kuna mtu ametajwa, kuna safari, alafu ubeti wa pili hakuna, kimebakishwa kile kipande cha kuchezea kinapigwa mara tatu na mwisho unazimwa ghafla kama umeme umepotea. Wasanii wanafanyiwa hivo na maprodyusa na wengine wanalia kimya kimya, unatunga beti nne anakuachia moja. Huyo msanii ameibiwa na ningekuwa wa kwanza kumtetea. Ila dawa yake haiwezi kuwa kuwatoa waliotunga kifupi kwa makusudi, waliokaa usiku kucha wakitafuta neno moja la mizani mbili badala ya neno la mizani tatu. Kwani hao majaji walisikiliza? Wangesikiliza wangejua huu wetu haukukatwa mahali. Mmoja alikuwa anaangalia saa ya simu wakati binti anaimba, nimemuona kwa macho yangu, amepima dakika hakupima maneno!

Na linaloniuma kuliko yote, hawa ndo watu wanaotuambia kila siku tulinde utamaduni. Mji umeandikwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia tangu 2001, kila sherehe tunaitwa tukapige pale Mkunguni mbele ya ngome, wageni wanapiga picha, hotuba zinasomwa kuhusu ushairi wa Lamu. Anakuja binti wa mjini na ubeti wa mizani 12, vina vimekamilika, udi mtupu, hakuna tusi, hakuna kuiga mtu, anaambiwa kaleta tangazo. Mshindi mliyempa zawadi, simsemi vibaya kijana wa watu kaimba vizuri, lakini wimbo wake dakika nne na zaidi, na ukiutoa kiitikio zinabaki beti mbili ambazo ya pili ni ya kwanza imegeuzwa majina. Huo mmeuita kamili.

Tunachotaka ni hivi. Kwanza warudishe kiingilio, sio chetu peke yetu, nimeambiwa kuna kundi la Malindi nalo limetolewa kwa sababu hiyo hiyo. Pili kama wanataka nyimbo za kuanzia dakika tatu waandike kwenye fomu mapema, mtu ajue asiende. Tatu yule jaji amuombe msamaha binti, na amuombe mbele za watu manake mbele za watu ndo alimcheka. Yeye anasema haimbi tena hadharani, mama yake amemsihi, mimi nimemsihi, amekataa kabisa, simu yangu yenyewe hapokei tangu jana.

Wimbo hatuongezi hata mstari. Kama mlikuwemo ukumbini siku ile, ama nyinyi ndo wale wa Malindi, andikeni hapa chini ama mnitumie ujumbe ndani, fomu zenu mzitafute msizitupe, Jumatatu asubuhi naenda kwa waandalizi na sitaki kwenda peke yangu.