Taka za Mto Nairobi zinafika Mambrui kweli, au ami ananisingizia?

MtotoWaMambrui (Kariobangi)

Wanajamvi, habari za jioni. Nina swali limeninyima raha tangu Ijumaa. Mwenye kujua huu mto unakoenda anisaidie.

Mimi nakaanga samaki hapa Kariobangi. Wenzangu wengi wanauza wa ziwani. Mimi kwa kuwa nyumbani ni Mambrui, pwani karibu na Malindi, naletewa samaki wa baharini, tasi na changu. Ami yangu huwapakia kwenye kasha la barafu, wanapanda basi la usiku, asubuhi nawachukua steji. Miaka 6 iliyopita kasha lilikuwa linakuja limejaa hadi kifuniko kinafungwa kwa kamba. Siku hizi ni barafu tupu, na samaki wachache wamelazwa juu yake kama wagonjwa wodini.

Ijumaa nikampigia kulalamika. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Akaniambia, "Waniuliza mimi samaki wako wapi? Si ninyi wa Nairobi mnaotumiminia uchafu wenu?" Kisha akanitumia picha: dema lake, ule mtego wa samaki, limetolewa majini, matope mekundu yameganda kwenye fito, na ndani, mahali pa samaki, pakiti ya maziwa. Nimeikuza ile picha. Ni ya nusu lita, kama zile ninazonunua hapa kwa chai ya asubuhi.

Nilitaka kucheka, ila kuna jambo. Taka zangu, yaani magamba, matumbo, madebe ya mafuta na hizo pakiti, humpa kijana wa mkokoteni na shilingi 50 kila jioni azipeleke. Sikuwahi kumuuliza anazipeleka wapi. Jumamosi nikamfuata kwa mbali. Hakwenda jalalani Dandora. Alifika darajani, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayevuka barabara, akainua mkokoteni, mwaa!

Sasa, kutoka hapa hadi Mambrui basi linakesha njiani. Pakiti yangu inaweza kweli kufika huko kwa maji?

Mwalimu_wa_Ramani (Buruburu)

Inaweza. Mto Nairobi unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unakatiza mjini, unapita ubavuni mwa jalala la Dandora, kisha unaingia Mto Athi huko mbele ya Ruai. Athi ukishapokea maji ya Tsavo unaitwa Galana, na Galana ukikaribia bahari ninyi wenyewe mnauita Sabaki. Majina yanabadilika, maji ni yale yale. Unamwagikia baharini kati ya Malindi na Mambrui, kwa hiyo ami yako anakaa mlangoni kabisa.

Ila si kila kinachotupwa kinafika. Nenda Fourteen Falls, maporomoko ya Athi kule karibu na Thika, ukaone povu na chupa zilizokwama kwenye mawe. Kinachokwama wakati wa kiangazi kinasubiri mvua. Aprili na Mei 2024 maji yalibeba nyumba za watu Mathare. Pakiti yako nayo ingebaki kufanya nini?

Njoro_wa_Umoja

Pakiti za maziwa zinauzwa hata Malindi, ndugu yangu. Huo si ushahidi. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, faini hadi milioni 4, sasa bado tunalaumiwa? Samaki wamemalizwa na wavuvi wenyewe kwa juya, ule wavu wa kukokota.

MtotoWaMambrui

Njoro, ya duka nakubali. Lakini mkokoteni nimeuona kwa macho yangu ukiinuliwa. Na marufuku ilikuwa ya mifuko ya kubebea. Pakiti ya maziwa, chupa ya maji na kandambili iliyokatika ukanda hazikuguswa.

MzeeWaNgalawa (Eastleigh, kwa mwanangu)

Salaam aleikum. Nimevua Malindi miaka 31. Sasa nimeletwa Nairobi kutibiwa macho, na anayeandika hapa ni mjukuu wangu, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Nyote mmeikodolea macho pakiti. Hebu tazameni yale matope.

Mtoto wa Mambrui, ami yako alilitoa dema wakati gani? Wakati wa upepo wa kaskazi, maji mekundu ya Sabaki hushuka kusini na sisi wa Malindi ndio tunayaoga. Kusi ukivuma hugeuka, yakapanda Mambrui hadi Ngomeni. Kama picha ni ya kusi, basi hakusingizii.

Udongo ule si wa jijini. Mwingi unatoka Ukambani na nchi zote Athi inakopita: miti imekatwa makaa, mashamba yamelimwa hadi ukingoni mwa mto, mchanga umezolewa kwa malori. Mvua ikinyesha shamba linaondoka. Mwisho wa safari linatua juu ya matumbawe. Na tumbawe si jiwe, ni mnyama. Ndani ya mwili wake anakaa mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ndio unaompikia kwa mwanga wa jua. Ukitia maji tope umemzimia jiko. Hata watoto wake wakielea kutafuta pa kushika, hawashiki kwenye mwamba wenye utelezi. Nyasi za bahari nazo ni hivyo hivyo, zataka jua. Na tasi hula nini? Nyasi na mwani. Hapo ndipo kasha lako linapoanza kuwa jepesi.

Tulikwisha kupigwa kabla ya hapo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, ule mwaka wa El Niño. Nilizama kunasua nanga nikakuta mwamba wote mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Nikadhani macho yangu ndiyo yameanza. Sehemu nyingi za pwani yetu zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Mwamba ulio mzima hujirudia taratibu, lakini ukiwa chini ya tope unarudije? Hifadhi ya Malindi ipo tangu 1968 na ndani yake havuliwi, ila tope halisomi kibao.

Njoro, ya juya umesema haki. Lilikatazwa 2001, na nilipoondoka bado lilikuwa likivutwa alfajiri, likikokota hata vidagaa vya juzi. Sitawatetea wenzangu. Na si kila plastiki ni ya Nairobi: nimeokota ufukweni chupa zenye maandishi ya Kiindonesia, mkondo wa bahari unazileta kutoka mashariki.

Lakini mifuko isidharauliwe. Tulimkuta kasa amekufa, mfuko umemtokeza mdomoni kama ulimi. Kasa hula yavuyavu, lile dude laini kama ute linaloelea baharini, na mfuko ukielea majini huwezi kuutofautisha nalo. Hata mimi nilipokuwa na macho mazuri sikuweza.

Mwalimu_wa_Ramani

Mzee, kesho hii nawasomea wanafunzi wangu.

Njoro_wa_Umoja

Shikamoo mzee. Nimenyamaza.

MtotoWaMambrui

Marejesho, baada ya siku 4.

Mzee, shikamoo na ahsante. Dema lilitolewa wakati wa kusi. Nimemwuliza.

Nimekaa pia na kijana wa mkokoteni. Nilikuja na hasira, akanijibu kwa upole kunishinda. Kusukuma hadi Dandora na kurudi kunamla jioni nzima, na jioni ndiyo saa yake ya kubeba mizigo ya sokoni. "Boss," akaniambia, "50 ni bei ya darajani." Kumbe bei niliipanga mimi. Sasa nampa 150 na tumekubaliana awe anapita mara 2 kwa wiki. Matumbo na magamba anachukua jirani yangu anayefuga bata. Kiberiti cha gesi kilichokwisha, nyembe, pakiti, hizo naziweka guniani, na Jumatano nilisindikiza gunia mwenyewe hadi mwisho. Nimerudi nanuka, mke wangu akanisimamisha mlangoni.

Nikampigia ami kumweleza yote, pamoja na ya Ukambani. Alisikiliza hadi mwisho, kitu asichokizoea. Kisha akauliza, "Haya, na udongo utamlipa nani, aupeleke wapi?" Sikuwa na jibu.

Kasha la leo lilikuwa na tasi 9.

Njoro_wa_Umoja

Hao 9 unauzaje?