Kutoka Siyu hadi Muscat siku moja: boti mpaka Manda, ndege mpaka Wilson, kisha Jomo Kenyatta. Muda unatosha?

BintiKisauni aliuliza:

Assalam alaikum wenyeji na wasafiri. Tunamaliza likizo ya Lamu mwezi wa Agosti, na siku mbili za mwisho tutakuwa Siyu, kisiwa cha Pate, kwa jamaa za mume wangu. Tuko watano: mimi na mume wangu, mama mkwe (ana miaka 71 na magoti yanamsumbua), mtoto wa miaka minane, na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Siku ya kuondoka itakuwa mwezi 17 kwa mwezi mwandamo. Mpango ulivyo sasa:

Saa nne asubuhi boti ya kukodi kutoka Siyu hadi gati la Lamu. Tule mjini, kisha tuvuke hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege. Saa 16:10 ndege ndogo ya Manda kwenda uwanja wa Wilson, Nairobi. Saa 22:55 ndege ya Jomo Kenyatta kwenda Muscat kupitia Doha. Tiketi hizi mbili zimekatwa mbalimbali.

Mizigo ni masanduku mawili makubwa ya magurudumu, mikoba ya mkononi, halua, achari, na mama anataka kubeba kamba waliogandishwa. Ndege ya kimataifa inaturuhusu kilo 30 kila mmoja. Naomba mniambie mpango huu una tundu wapi.

MtuWaGati alijibu:

Waalaikum salaam dada. Tundu la kwanza ni ile saa nne ya kutoka Siyu.

Siyu haina gati la maji marefu. Boti huingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mkono huo hukauka maji yakipwa. Sasa fanya hesabu. Pwani yetu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yaani mwezi mosi na mwezi 15, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne na nusu. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi 17 maji yatajaa kwenye saa kumi na moja na nusu alfajiri, yatakuwa yamepwa kabisa kwenye saa tano na nusu asubuhi, kisha yatajaa tena karibu na magharibi. Na bamvua kubwa hasa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa mpevu, kwa hiyo siku yako ni katika zile ambazo maji hukimbia mbali zaidi.

Saa nne asubuhi, basi, mtakuwa mmesimama na masanduku mbele ya matope. Mkilazimisha, boti itangoja nje na mtatembea kwenye tope linalofika magotini, mama akishikiliwa huku na huku. Mkisubiri maji yarudi, ndege imeshakwenda.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuondoka Siyu maji yakiwa bado yamo: muwe ndani ya boti saa kumi na mbili asubuhi, wala msipitishe saa moja kasorobo. Hapo maji ndiyo kwanza yameanza kutoka, boti haigusi chini. Ya pili ni kuacha kabisa kupandia Siyu. Chukueni bodaboda au gari lolote litakalopatikana hadi Mtangawanda, upande wa magharibi wa kisiwa, ambako maji ni marefu na boti hufika wakati wowote. Kwa mama mwenye magoti mabovu na mtoto mchanga, bodaboda ya njia ya mchanga ni adha. Ningechagua alfajiri.

Jambo jingine: muulize nahodha atapita wapi kati ya Pate na Lamu. Njia ya ndani ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakiwa machache hupunguza mwendo, lakini bahari yake imetulia. Akikuambia atapita nje, yaani azunguke Manda upande wa bahari kuu na kuingia kwa Shela, kataa. Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Boti ndogo huko nje hupigwa na mawimbi, kila kitu hulowa, na mtu wa miaka 71 anayeruka juu ya benchi anaweza kuumia mgongo vibaya.

Tena, kwa kuwa boti mmeikodi nzima, hakuna haja ya kushuka gati la Lamu kisha kuvuka upya. Patana naye tangu mwanzo awafikishe gati la Manda lenyewe, lililo karibu na uwanja wa ndege. Mnaepuka kupakua na kupakia mara mbili, na mara hizo ndizo mizigo hutumbukia majini. Bei ya boti ya kukodi ni ya boti, si ya kichwa. Isemwe pamoja na mafuta na kituo cha mwisho kabla mzigo wa kwanza haujaingia. Na mtajie saa kwa Kiswahili. Ukisema "sita" ukiwa na maana ya 06:00, atakuja adhuhuri.

TiketiMbili alijibu:

Kuhusu bahari amesema MtuWaGati, sina la kuongeza. Mimi naona hatari kubwa zaidi ni 16:10.

Kwenye karatasi muda unaonekana mwingi. Ndege ikiondoka kwa wakati, mnafika Wilson kabla ya magharibi au karibu nayo. Lakini ndege ndogo za pwani huzunguka: ile itakayowachukua Manda imetoka Nairobi mchana huohuo, na pengine imepitia Malindi au itapitia huko kurudi. Ikichelewa kuanza kwa sababu ya mvua au ukungu Nairobi, uchelewaji hujumlika kila kituo. Safari za Manda ni za mchana, na jua la Lamu mwezi Agosti huchwa kwenye saa kumi na mbili na dakika ishirini. Ndege ya asubuhi ikichelewa saa tatu, bado utaondoka. Ya alasiri ikichelewa saa tatu, inaweza kufutwa hadi kesho.

Na tiketi zenu ni mbili zisizojuana. Kama zingekuwa tiketi moja, shirika lingewajibika kuwatafutia ndege nyingine. Zikiwa mbalimbali, shirika la kimataifa litawahesabu ni watu ambao hawakutokea tu, na mara nyingi likifuta safari ya kwenda linafuta na ya kurudi. Kwa watu watano hiyo ni hasara ya kutia uchungu.

Kisha kuna barabara. Wilson na Jomo Kenyatta ni viwanja viwili tofauti, vyote Nairobi. Umbali si mkubwa, lakini mtaingia Barabara ya Mombasa saa ambazo watu wanarudi nyumbani kutoka kazini. Hesabuni saa moja na nusu, na mvua ikinyesha mbili. Kukabidhi mizigo ya safari ya kimataifa hufungwa saa moja kabla ya kuondoka, kwa hiyo 21:55 mlango umefungwa. Wenye mizigo na watoto wafike saa tatu kabla, yaani 19:55. Rudisheni hesabu nyuma: muwe mmetoka Wilson saa kumi na mbili na nusu jioni. Mkifika Wilson 17:40 na mizigo ikatoka 18:00, mmebaki na nusu saa tu ya kufidia kila kitu kitakachochelewa tangu Siyu.

Kwa hiyo pigia shirika la ndege ndogo leo, uliza kama mnaweza kubadilishiwa ndege ya asubuhi au ya mapema mchana siku hiyohiyo. Tiketi nyingi huruhusu kwa kulipa tofauti ya nauli. Kama wana safari ya Manda inayotua Jomo Kenyatta moja kwa moja, chukueni hiyo hata ikiwa ghali kidogo, kwa kuwa inaondoa barabara nzima kwenye hesabu. La kama hakuna nafasi, punguzeni Siyu usiku mmoja, mruke siku moja kabla na mlale Nairobi. Kusema kweli, kwa familia yenye mzee na mtoto hilo ndilo ningelifanya bila kufikiri mara mbili.

MkobaLaini alijibu:

Mizigo sasa, maana hapo umeandika kilo 30 na hizo hazikuhusu mpaka ufike Jomo Kenyatta. Kinachotawala safari nzima ni kipimo kidogo kuliko vyote. Ndege ndogo za propela mara nyingi huruhusu kilo 15 kwa mtu, na katika baadhi ya mashirika hizo 15 ni pamoja na mkoba wa mkononi. Soma tiketi yako. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayekaa mapajani kwa kawaida hana kilo zake. Basi nyinyi ni viti vinne, kilo 60 kwa wote. Masanduku mawili makubwa yakiwa matupu tu hula kilo nane hadi kumi.

Tena sanduku gumu lina tatizo la umbo. Katika Caravan, ndege ndogo ya propela moja, mizigo huwekwa kwenye tumbo la ndege, na mlango wake ni mdogo. Mkoba laini hukunjwa ukaingia, sanduku gumu hukataa. Hamisheni vitu kwenye mikoba laini minne. Magurudumu hayana kazi kwenye mchanga wa Siyu wala kwenye ngazi za gati. Mkihitaji kilo za ziada, zilipieni mapema kwa simu. Kaunta ya Manda itawakubalia tu kama uzito wa ndege unaruhusu siku hiyo, na msishangae wakiwapima nyinyi wenyewe pamoja na mizigo, ndiyo kawaida ya ndege za namna hiyo.

Halua na achari: zitieni kwenye mzigo wa chini. Kwa safari ya kimataifa halua na achari huhesabiwa kama vitu vya majimaji, na kopo la zaidi ya mililita 100 litabaki kwa walinzi. Achari ifunikwe kwa karatasi ya nailoni ya jikoni chini ya kifuniko, kopo lifungwe utepe, kisha litiwe ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko. Mafuta ya achari huvuja ndege ikipanda juu, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ya kopo hutanuka. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo beba kikapu au mfuko wa kitambaa.

Kamba waliogandishwa, mwambie mama kwa upole kwamba haiwezekani. Kutoka alfajiri ya Siyu hadi Muscat kesho yake barafu haitadumu, maji yatachuruzika kwenye mizigo ya wengine, na shirika lina haki ya kuukataa mzigo unaovuja. Hata ukifika salama, vyakula vibichi vya baharini huweza kudaiwa cheti cha afya mpakani. Kama lazima pawe na kitoweo, awape jamaa wa Lamu wakipike na mle kabla hamjaondoka.

Benki ya umeme ya simu iwe mkononi, kamwe isitiwe kwenye mzigo wa chini. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, na mpaka wa kawaida ni 100. Watoto wameokota makombe? Yaacheni ufukweni, na matumbawe pia. Kitu chochote cha ganda la kasa ni kosa la jinai.

BintiKisauni alijibu:

Allah awabariki nyote. Shirika limekubali kutubadilishia ndege ya mapema mchana, 12:40, kwa kuongeza nauli kidogo, bado ni ya Wilson. Siyu tutatoka saa kumi na mbili. Swali la mwisho ni mama: kupanda na kushuka botini, na bahari humchafua moyo.

MtuWaGati alijibu:

Hapo mmepumua. Mtafika Manda asubuhi mapema kuliko inavyohitajika, na sawa tu. Chukueni chai, maji na chakula cha watoto kutoka Siyu, msitegemee kununua uwanjani.

Kwa mama: Siyu maji yakiwa yamejaa ukingo wa boti hukaribia usawa wa nchi kavu, kwa hiyo kupanda ni rahisi. Kazi ni Manda, kwa kuwa mkifika maji yatakuwa yanakwenda kupwa na ngazi za chini zitakuwa wazi. Ngazi hizo huota mwani na huteleza mno. Avue ndara, avae viatu vya mpira vinavyoshika. Mtu mmoja atangulie ngazini ampe mkono, mwingine abaki botini nyuma yake, na nahodha ashikilie boti kwa kamba mbili, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma). Kwa kamba moja boti huzunguka mtu akiwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mizigo isishushwe mpaka yeye awe juu.

Akae katikati ya boti, kusogea kidogo tezini. Omo ndiyo inayoruka na kupiga maji. Aangalie mbali, ufukweni, asitazame simu. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda. Ikishaanza kumchafua haisaidii tena. Kwa umri wake mfamasia aulizwe kwanza, hasa kama anatumia dawa za presha. Ale kitu chepesi, mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, asipande na tumbo tupu.

Laifu jaketi ziwe tano, na ya mtoto iwe ya kipimo chake. Ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiingia majini. Mwambie nahodha siku moja kabla, kwa sababu za watoto si boti zote wanazo, na akihitaji kuazima apate usiku wa kuazima. Pasipoti zote na tiketi ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, mwilini mwako, wala si kwenye mkoba ulio sakafuni mwa boti.