Upasuaji wa faibroidi nikiwa kwenye rituksimabu: Mei, Agosti, au niache dawa?

MamaBombo
Habari zenu ndugu. Niko Bombo, na MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo) ninayo mwaka wa sita sasa. Naitibu kwa rituksimabu, dripu ya miligramu 1000 kila miezi 6. Ya mwisho nilipata Machi 12. Tangu mwaka jana faibroidi, uvimbe wa kizazi, zinanisumbua, hedhi inakwenda siku 10, hemoglobini imeshuka hadi 8. Daktari wa akina mama anataka kunipasua, lakini aliposikia dawa yangu akasema, "Acha hiyo kwanza, kidonda hakitapona." Daktari wa neva naye kwenye simu anasema nisithubutu kuacha. Nimebaki katikati. Naona njia tatu: kupasuliwa mwezi huu wa Mei, kungoja Agosti kabla ya dripu ya Septemba, au kuacha dawa kabisa mpaka mambo ya kizazi yaishe. Waliopitia haya, mlifanyaje?

Fundi_Jinja
Pole sana dada. Hiyo njia ya tatu ndiyo iliyoniumiza mimi, kwa hiyo naanza nayo. Nilikuwa kwenye fingolimodi, dawa nyingine ya MS, kidonge kimoja kwa siku. Nilikuwa nifanyiwe ngiri, nikaambiwa niache dawa, nikaacha bila kumuuliza daktari wa neva. Upasuaji wenyewe ukaahirishwa mara mbili. Wiki ya 10 mguu wa kulia ukakataa, kisha jicho likaingia ukungu. Baadaye ndipo nikajua kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo Novemba 2018: ukiacha fingolimodi, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu kuliko ulivyokuwa kabla ya kuanza dawa. Natalizumabu, nayo dawa ya MS, ina tabia hiyo. Hata kuirudia fingolimodi si kumeza tu. Nililazwa kwa muda wa saa 6 wakiangalia mapigo ya moyo kama mtu anayeanza upya.

Busia_Mpakani
Mimi MS yangu natumia interferoni. Nilitolewa kidole tumbo usiku wa manane, hakuna aliyesimamisha chochote, na kidonda kilifunga vizuri. Dawa za MS kama interferoni na glatirama haziwasumbui sana wapasuaji.

Sista_Thieta
Nyabo, pole. Nafanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, hapa Mbarara, mwaka wa 14. Nisikuchanganye na habari ya fingolimodi, maana dawa yako ina mwenendo mwingine. Rituksimabu huifuti kwa kuacha kumeza kitu. Ile dripu ya Machi ilishaziondoa seli B, ambazo ni seli za kinga, na zitachukua miezi mingi kurudi. Kwa hiyo "acha kwanza" kwako haina maana kubwa. Unachoweza kusogeza ni tarehe: ya upasuaji na ya dripu ijayo.

Ndiyo maana naipenda Agosti kuliko Mei. Madaktari wa baridi yabisi kule Marekani, kwa wagonjwa wanaobadilishiwa nyonga au goti, huelekeza kwamba anayepata rituksimabu kila miezi 6 apasuliwe katika mwezi wa saba tangu dripu ya mwisho, na dripu inayofuata ingoje kidonda kifunge. Si upasuaji wako, na Agosti inatangulia kidogo hesabu hiyo, lakini wazo lake la kupasuliwa mwishoni mwa kipindi cha dripu linasaidia. Na kuchelewesha rituksimabu wiki chache hakujulikani kuamsha MS kwa kishindo kama alivyopata kaka wa Jinja. Hata hivyo, hayo ni ya upasuaji wa kupanga. Damu ikizidi, usingoje kalenda, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kungoja nako kuwe na kazi. Ukiingia thieta na hemoglobini 8 tunaanza kutafuta damu kwenye benki ya damu ya Nakasero, Kampala. Omba madini ya chuma sasa, na dawa ya kupunguza hedhi. Pima hesabu ya seli nyeupe, maana rituksimabu huweza kuzishusha hata miezi kadhaa baada ya dripu, na kingamwili za IgG kama maabara ipo. Pima mkojo pia. Wenye MS wengi kibofu hakimwagiki chote, na maambukizi ya humo ndiyo ninayoyaona yakiwarudisha wodini.

Binti_wa_Gulu
Dada, ulipimwa homa ya ini B? Baba anatumia dawa za kupunguza kinga, azathioprini na prednisoloni, na huku kwetu kaskazini homa hiyo ni nyingi. Rituksimabu inaweza kuiamsha hata kama ilikuwa imelala miaka. Kwa upande wa baba, tatizo lilikuwa prednisoloni, ambayo ni steroidi. Ukiimeza muda mrefu, mwili unasahau kutengeneza homoni yake, na kwenye upasuaji presha inaweza kuanguka. Walimpa haidrokotisoni kwenye mshipa kabla hawajaanza. Kama na wewe unameza steroidi, sema mapema.

MamaBombo
Asanteni sana, nimesoma mara tatu. Homa ya ini nilipimwa kabla ya dripu ya kwanza, sina. Steroidi situmii, ila baklofeni kwa ajili ya misuli. Hiyo niache usiku wa kuamkia upasuaji? Na nusukaputi je? Shemeji anasema sindano ya mgongo inaleta MS.

Sista_Thieta
Baklofeni usiache ghafla hata kidogo, mtu anaweza kupata degedege. Imeze asubuhi ile na maji kidogo, kwa kukubaliana na daktari wa usingizi. Nusukaputi inafaa, na sindano ya mgongo nayo wenye MS wengi wamechomwa salama. Mwenye neno la mwisho ni daktari wa usingizi, akuone kabla ya siku yenyewe. Mwambie kama miguu ni dhaifu, maana suksamethoni, dawa moja ya kulegeza misuli, huweza kupandisha potasiamu kwa mtu aliyepooza.

Fundi_Jinja
Nilipopata homa baada ya upasuaji, dalili zote za zamani zilirudi nikadhani ni shambulio jipya. Ilikuwa malaria. Homa iliposhuka, mguu ukarudi. Wakupime kabla hawajakimbilia steroidi.

MamaBombo
Leo nimewapigia wote wawili na kuwaunganisha kwenye simu moja, dakika 10 tu. Wamekubaliana wiki ya tatu ya Agosti, na dripu isogee hadi kidonda kikaguliwe. Vidonge vya chuma nimeanza jana. Sista, nitakuandikia majibu ya mkojo yakitoka Ijumaa.