Unatuma watu 39, mfumo unajibu "Hongera! Wafanyakazi 6 wamehifadhiwa"

Wakuu, siutaji. Mnaujua wenyewe, ule wa bluu, wenye kitufe cha "Ongeza Mfanyakazi" kilichojificha chini kabisa kama mdaiwa.

Fomu ya mishahara, mistari 40. Unafuta mmoja tu, wa 7. Unabonyeza Tuma. Linakuja jibu la kijani: "Hongera! Wafanyakazi 6 wamehifadhiwa." HONGERA! Watu 33 wamemezwa mchana kweupe halafu unapongezwa!

Na sababu yenyewe ni aibu tupu. Jina la kila fildi (sehemu ya kujaza) lina namba ya mstari, kuanzia 0: Wafanyakazi[0].Jina, Wafanyakazi[1].Jina. Ukifuta wa 7, [6] inatoweka, [7] mpaka [39] zinabaki na namba zao zile zile. ASP.NET Core, zana ya Microsoft ya kuundia tovuti waliyotumia, inasoma orodha kuanzia 0, ikikuta pengo inaishia hapo hapo. Haitoi kosa lolote. Dawa ni fildi moja iliyofichwa kwenye kila mstari, Wafanyakazi.Index, yenye namba ya mstari huo, na mapengo hayasumbui tena. Au JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ipange namba upya kabla ya kutuma. Mistari mitano ya kodi (code)! Hiyo wameshindwa, ila "Hongera" wameiandika kwa herufi nene.

MzeeWaMabano: Mkuu punguza presha. F12 ipo, inafungua zana za kivinjari, ungeangalia majina ya fildi kabla ya kutuma. Pengo lilikuwa linakukodolea macho.

Mleta mada: Yaani mhasibu afungue F12 ndipo watu walipwe? Fomu itume na idadi ya mistari, seva ikipokea 6 badala ya 39 ikatae yote. Kwani kuhesabu ni kazi? HONGERA ya nini?

BintiSeva: Watu wako wanapotea, afadhali. Ule mfumo mwingine, ulioandikwa kwa lugha ya PHP, unawachanganya. Fildi zinaitwa jina[] na bima[], mabano matupu. Kisanduku kisichotikiwa kivinjari hakikitumi kabisa, kwa hiyo yanafika majina 5 na tiki 3, na mfumo unazigawa kuanzia juu. Wa kwanza asiye na bima anapewa, wa mwisho mwenye nayo ananyang'anywa. Wangeweka namba, bima[0], bima[1], kila tiki ingebaki kwa mwenyewe.

Tiki_Tatu: +1. Na hapo hamjafika kwenye max_input_vars, kikomo cha fildi ambazo PHP inapokea. Kawaida ni 1000. Mfanyakazi mmoja fildi 8, basi wa 126 hasomwi. Kukiwa na tokeni (fildi iliyofichwa ya usalama) juu ya fomu, hata wa 125 anakatwa fildi ya mwisho. Onyo linaandikwa kwenye logi ambayo hakuna anayeifungua.

KodiSafi: Na mishahara? Mtu anaandika 1,200,000 na mikato yake, kama kila mtu anavyoandika. Kodi ya mfumo inaigeuza kuwa namba kamili kwa (int). PHP inasoma mpaka mkato wa kwanza, inaishia hapo. Mshahara: shilingi 1! Toa mikato kwanza, hakiki kuwa ni namba kamili kwa FILTER_VALIDATE_INT, ikigoma rudisha fomu na alichoandika mtu kikiwa vile vile.

MzeeWaMabano: Siyo vile vile tu, useme na mstari gani. "Kuna kosa kwenye fomu", mistari 40, fildi 320, mtu atafute kosa kwa tochi? Kosa lifungwe kwenye jina lake, Wafanyakazi[11].Mshahara, liandikwe jekundu pembeni ya fildi hiyo.

BintiSeva: Tarehe ndiyo balaa. 03/04 huku ni tarehe 3 Aprili, seva yenye mpangilio wa Kimarekani inahifadhi Machi 4 bila kusita. Wekeni type="date", kivinjari kitatuma 2024-04-03 daima.

Tiki_Tatu: type="date" ina sura mbaya.

BintiSeva: Sura mbaya na mshahara wa mwezi sahihi, chagua.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye HONGERA. Watu 33!

Dogo_Fomu: Wa Django, zana ya Python ya kuundia tovuti, mpo? Mistari 10 imeongezwa kwa JavaScript, inahifadhiwa 3 tu.

KodiSafi: form-TOTAL_FORMS, fildi iliyofichwa yenye idadi ya mistari, imebaki 3. Ongeza thamani yake kila mstari unapoongezeka, Django haisomi zaidi ya hapo.

Dogo_Fomu: Imekubali! Na ya kufuta je?

KodiSafi: Weka can_delete=True, kila mstari upate kisanduku cha DELETE. Kitiki, kisha mstari uufiche, usiung'oe.