Ubao wa futi 9 haukati kona: miguu ikae wapi?

Mwamba_Mweupe:

Wadau, naomba msaada wa wanaoujua ubao mrefu wa kutelezea mawimbi. Wangu ni wa futi 9, upana inchi 22 na nusu, chini ya mkia una pezi moja la inchi 8 katikati na mawili madogo pembeni. Nina kilo 70, natanguliza mguu wa kushoto. Nateleza Malindi, kwenye ghuba ya mchanga, msimu wa kusi, mawimbi ya kiunoni hadi kifuani.

Kusimama nimeshaweza. Shida ni kona. Nikiegemea kulia kidogo, ubao unaendelea moja kwa moja kuelekea ufukweni. Nikizidisha, ukingo unazama ghafla na naangukia upande huohuo. Nikirudi nyuma kabisa mkiani, ubao unapoteza mwendo na wimbi linanipita. Kwa sasa mguu wa mbele uko karibu na katikati ya ubao na wa nyuma uko hatua moja nyuma yake. Je, miguu ikae wapi hasa? Na kona inaanzia wapi: miguuni, kiunoni au mabegani?

Tezi_na_Omo:

Miguu yako iko mahali sahihi pa kwenda moja kwa moja, ila si mahali pa kukatia kona. Kwenye ubao mfupi mtu husimama sehemu moja akamaliza kila kitu. Ubao mrefu una sehemu mbili, na mteleza anahama kati yake kwenye wimbi lilelile.

Ukisimama katikati, karibu ukingo mzima umelala majini. Ukingo mrefu ulio majini hupenda mstari ulionyooka, ndiyo maana ubao unakimbia vizuri na ndiyo maana haugeuki. Ukiulazimisha kwa kuegemea, pua haina nafasi ya kuinuka, basi ukingo wa mbele unauma maji na wewe unatupwa. Kona ya ubao mrefu inatokea pale sehemu ya mbele inapopungua majini na ubao ukazunguka juu ya pezi.

Pima kutoka ncha ya mkia. Kwa ubao wako wa sentimita 274, mahali pa kwenda ni mguu wa nyuma kwenye sentimita 90 hivi na wa mbele kwenye 140. Mahali pa kona ni mguu wa nyuma kwenye sentimita 30 hadi 40, yaani juu ya pezi, na wa mbele kwenye 85 hadi 90. Ona kwamba mguu wa mbele unakuja kukaa palepale ulipokuwa wa nyuma. Hivi ni vipimo vya kuanzia. Mtu mzito zaidi, au ubao wenye mkia mpana, utahitaji kusogeza kidogo huku au kule.

Unyayo wa nyuma ulale kukingama ubao, upinde wake ukiwa juu ya mstari wa katikati. Wa mbele uwe mshazari, vidole vikielekea puani kiasi cha nyuzi 45. Kati ya miguu pawe na upana wa mabega, kama sentimita 50. Wengi hupanua hadi mita wakidhani ndio uthabiti. Miguu ikipanuka hivyo magoti hufungika na uzito hauhami tena kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na bila kuhamisha uzito hakuna kona.

Kurudi nyuma usiruke. Weka uzito mguu wa mbele, sogeza wa nyuma nusu hatua, kisha wa mbele uufuate. Rudia mara moja tena na umefika. Kupishanisha miguu kutakuja baadaye, kwanza nusu hatua zikuingie mwilini. Nyayo zisitoke kwenye mstari wa katikati hata wakati wa kusogea, maana hatua moja ya pembeni tayari ni kona usiyoitaka.

Fundi_Mapezi:

Tezi_na_Omo yuko sahihi kuhusu miguu, naongeza upande wa vifaa, maana mwenye ubao ulioseti vibaya hujilaumu bure.

Pezi la katikati linakaa kwenye kisanduku chenye nafasi ya kulisogeza. Ukilisogeza mbele, ubao unageuka kwa urahisi. Ukilirudisha nyuma, unatulia na kushika mstari. Mapezi mengi ya watu wapya nimeyakuta yamesukumwa mwisho kabisa nyuma, kwa sababu ndiko yanakoishia yanapoingizwa. Legeza skrubu, lipeleke hadi katikati ya kisanduku, kaza, kisha jaribu. Baada ya hapo badilisha sentimita 1 tu kwa mara moja, usiende mbali. Likizidi mbele, mkia utaanza kuteleza pembeni kwenye wimbi lenye uso mkali.

Yale madogo ya pembeni unaweza kuyatoa kwenye mawimbi ya kiunoni. Yanashika ukingo wa nyuma, jambo zuri kwenye wimbi kubwa, lakini kwenye wimbi dhaifu yanakula mwendo na kuufanya mkia uwe mgumu kuuzungusha. Ukiyatoa, pezi lako la inchi 8 litakuwa dogo kidogo kufanya kazi peke yake. Kanuni ya haraka ya mafundi ni inchi moja ya pezi kwa kila futi ya ubao, kwa hiyo ubao wako ungependa la inchi 9. Halafu kumbuka pezi refu linataka maji marefu. Bahari ikipwa sana na ukawa kwenye maji ya magotini, litakita mchangani na wewe utaendelea na safari peke yako. Maji ya kiunoni ndiyo kiwango cha chini.

Jingine ni nta. Watu hupaka pale wanaposimamia tu, katikati. Sasa umeambiwa urudi sentimita 50 nyuma, na huko ubao ni mtupu na unateleza. Paka kuanzia kifuani unapolalia hadi sentimita 20 kutoka mkiani, upana wote wa nyayo. Maji yetu ni nyuzi 25 hadi 29, kwa hiyo tafuta nta ngumu ya bahari za joto. Ile laini ya maji baridi inayeyuka na kuwa utelezi.

Bamvua:

Kwa heshima, nadhani tumeruka swali lake la mwisho: kona inaanzia wapi? Inaanzia machoni. Mtu anayeangalia vidole vyake hawezi kukata kona hata akisimama sentimita sahihi, kwa sababu kichwa kikiinama mabega yanainama, na mabega yakiinama nyonga hazizunguki.

Pia nina sababu yangu ya kule kuanguka kulia. Kwa anayetanguliza kushoto, kulia ni upande wa vidole. Ukiinama kwa kiuno, kichwa na kifua vinatoka nje ya ukingo. Kutoka mstari wa katikati hadi ukingoni ni sentimita 28 au 29 tu, na kichwa ni kizito. Kikishatoka nje ya hapo huna cha kukurudisha. Shuka kwa magoti, mgongo ubaki wima, kitovu kibaki juu ya ubao. Kinacholala ni ubao chini yako, wewe unabaki juu yake.

Mfululizo wake wakati wa kwenda kulia ni huu. Simama mahali pa kwenda na ngoja ubao ukimbie, kwani bila mwendo pezi halina maji ya kushika. Rudi nyuma kwa zile nusu hatua. Kunja magoti. Geuza macho hadi pale unapotaka kufika, sio puani mwa ubao, mbali zaidi, kwenye uso wa wimbi ambao bado haujavunjika. Mkono wa kushoto uonyeshe hukohuko, mabega yafuate, halafu nyonga. Hapo ndipo unakandamiza kwa vidole vya miguu yote miwili, mguu wa nyuma ukibeba zaidi ya nusu ya uzito. Kandamiza polepole na uendelee kukandamiza. Ubao mrefu unachelewa kuitika, na kosa kubwa kabisa ni kuachia baada ya nusu sekunde ukidhani umekataa, kisha kuusukuma tena kwa nguvu. Mara ya pili ndiyo inayoangusha.

Pua ikishaelekea unakotaka, toa uzito mkiani na urudi mbele mara moja. Hili ndilo jibu la ubao wako kupoteza mwendo. Kukaa mkiani baada ya kona kumalizika ni breki: mkia unazama, pua inaelea juu, maji yanapita chini na wimbi linakuacha. Mkiani ni mahali pa kazi fupi.

Kwa sasa ningeanza hata kabla ya kusimama. Unapopiga makasia kwa mikono, elekeza ubao mshazari kidogo upande unaotaka kwenda, na unapoinuka angalia hukohuko. Nusu ya kona inakuwa imekwisha kabla miguu haijagusa ubao.

Mwamba_Mweupe:

Asanteni sana, nimeelewa kosa la kiuno. Na kushoto je, mgongo ukiwa upande wa wimbi? Na mazoezi nianzie kwenye povu au kwenye wimbi ambalo halijavunjika?

Bamvua:

Kushoto unakandamiza kwa visigino, na wengi hukunja kiuno tena, safari hii makalio yakatoka nje ya ukingo na wakaanguka chali. Shuka kama unayekalia mbuzi ya kukunia nazi: magoti yanakunjwa, mgongo unabaki wima, uzito unaingia visiginoni bila makalio kwenda mbali. Fungua bega la kushoto kuelekea wimbi, tazama juu ya bega hilo, mkono wa kulia uvuke mbele ya mwili kuufuata. Mkono wa kulia ukibaki nyuma, nyonga zinafungika na ubao unasimamia nusu ya kona.

Anzia kwenye povu. Linakusukuma bila kukatika, kwa hiyo una sekunde za kutosha kurudi nyuma, kukandamiza vidole hadi ubao ugeuke kidogo, kulegeza, kisha visigino. Usitafute kona kali. Ukiweza kwenda kulia na kushoto kwenye povu moja bila kuanguka, nenda kwenye wimbi zima. Malindi wakati wa kusi toka asubuhi mapema, kabla upepo haujakaza na kuivuruga bahari.

Tezi_na_Omo:

Kuhusu kutotazama miguu, kuna njia ya kujua ulipo. Pima ubao nyumbani, kisha weka uvimbe mdogo wa nta kwenye sentimita 35 na mwingine kwenye 90, palepale kwenye mstari wa katikati. Unyayo utausikia na macho yatabaki mbele. Nchi kavu, chora umbo la ubao mchangani kwa vipimo vyake halisi na ufanye zile nusu hatua kwenda na kurudi ukiwa unatazama upeo wa bahari. Usifanye juu ya ubao wenyewe, pezi litavunjika kwenye kisanduku.

Na ubao wa futi 9 ukikosea kona unafagia eneo kubwa. Kamba ya mguuni iwe na urefu wa futi 9 hivi, na kabla ya kukandamiza popote hakikisha hakuna muogeleaji upande unaogeukia. Ukiona kichwa cha mtu, nyooka, lala kifudifudi juu ya ubao, shika kingo zote mbili, burura miguu majini na usubiri wimbi lingine.