Vepu Kilimanjaro: tanki litavuja?

Binti Kinondoni:
Wakuu habari. Mwezi ujao napanda Kilimanjaro njia ya Marangu, naruka Dar hadi KIA. Natumia vepu (sigara ya kielektroniki) ya tanki, ile ya kujaza juisi mwenyewe. Mara ya mwisho kwenye ndege ilivuja, pochi nzima ikanuka embe na kitambulisho cha NIDA kikanata. Kama ndege tu ni hivyo, kule juu itakuwaje? Na betri je? Tafadhali msinijie na "acha tu", hilo mama ananiambia kila siku.

Mgumu wa Marangu:
Karibu mlimani dada. Napandisha wageni njia hiyohiyo.

Kinachovujisha ni hewa iliyobaki ndani ya tanki. Ukipanda, ya nje inapungua nguvu, ya ndani inatanuka na kuisukuma juisi ipite kwenye pamba ya koili, kile kiwaya kinachoipasha juisi. Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya Dar. Kwa hiyo tanki lisafiri tupu. Juisi ikae kwenye kichupa chake, ndani ya kikopo cha mfuniko wa kubana, na kila kambi ukifungue kidogo kipumue.

Betri kwenye ndege ibebe mkononi, sio kwenye begi la kukabidhi. Kambi ya Kibo (mita 4,720) lala nayo ndani ya begi la kulalia, maana lithiamu ikipigwa baridi inajifanya imeisha. Ikiganda usiichaji, ipashe mwilini kwanza.

Ila kuna ambalo hujauliza. Pale getini, kabla hamjaanza, mwambie kiongozi wako unatumia nikotini. Mtu akiikosa, kichwa kinamuuma, halali, ananuna. Ugonjwa wa mwinuko nao huanza na kichwa, usingizi unapotea, chakula hakipiti. Sasa mgeni amekaa kambi ya Horombo, supu inapoa mbele yake, nimemvalisha kipima oksijeni kidoleni, na hajaniambia kitu. Nitajuaje ni kipi? Mimi nikiwa na shaka nahesabu ni mlima, na hatupandi zaidi. Hela yako ya Kibo imekwenda hivyo.

Jirani wa Kampala:
Na ukishuka usiunganishe nayo kuja huku Rwenzori. Sheria ya tumbaku ya 2015 imepiga marufuku kuziingiza.

Binti Kinondoni:
Asante kaka, hilo la kichwa sikuliwazia kabisa. Je, nikitumia vibandiko vya nikotini badala yake?

Mgumu wa Marangu:
Havivuji wala havitaki chaji, mimi navipenda. Kipimo muulize daktari, na uanze kuvitumia ukiwa bado Dar, usijaribie Kibo. Ukiamua kuja na vepu, vutia nje, mbali na vibanda. Mle ndani mnalala kitanda juu ya kitanda, nusu ya watu wanasikia kichefuchefu. Ukiwapulizia embe utarushiwa soksi, na soksi za siku ya nne sikutakii.