Obama alichukiwa kwa rangi yake au kwa njaa ya watu? Tujadili

Wa Stej Malaba:
Wakuu, jana usiku hapa stej ya magari, Malaba mpakani, tumebishana mpaka chapati zikapoa. Dereva mmoja wa trela anasema Wamarekani walimchukia Obama sababu ni mweusi, basi, funga kazi. Mimi nikakataa. Jamaa anaapishwa Januari 2009, benki ya Lehman Brothers imeanguka Septemba iliyopita, watu wanatolewa kwenye nyumba zao, kufika Oktoba 2009 ukosefu wa kazi uko asilimia 10, sasa hapo hata ungeweka malaika angetukanwa. Zile dola bilioni 700 za kuokoa mabenki alisaini Bush 2008, ila matusi akayala Obama. Aliyekaa kitini ndiye anayekula matusi, hata sisi petroli ikipanda tunamtukana Mzee Museveni, kwani kisima cha Waarabu ni chake? Semeni.

Jadhola wa Tororo:
Una haraka ssebo. Nikuulize moja tu. Mwaka 2010 ukosefu wa kazi kwa Wamarekani weusi ulipita asilimia 16, weupe hawakufika 10. Kama njaa ndio inaleta chuki si weusi ndio wangekuwa wa kwanza kumchukia? Mbona 2012 wakampa tena zaidi ya kura tisa katika kila kumi? Alafu niambie hili la cheti cha kuzaliwa, mtu amezaliwa Honolulu, watu miaka na miaka wanashikilia kazaliwa Kenya, Trump naye akalivalia njuga, mpaka Aprili 2011 rais mzima anatoa cheti chake kirefu mbele ya kamera kama kijana aliyeshikwa na afande hapo mpakani aonyeshe kitambulisho. Rais Clinton, mweupe, walimsumbua sana, bunge likamfungulia mashtaka 1998, nani alimuuliza kazaliwa wapi? (Sisi Wajopadhola na Wajaluo, watu wa babake Obama, ni ndugu, najua mtasema namtetea wa kwetu. Semeni tu.)

Mama Duka Jinja:
La cheti nakubali, ile ilikuwa dharau ya rangi kabisa. Ila kuna wilaya zaidi ya 200 kule zilimpa Obama 2008, zikampa tena 2012, alafu 2016 zikahamia kwa Trump, jimbo la Iowa lote lilifanya hivyo. Ina maana hao watu mara mbili hawakuona ni mweusi? Bambi.

Jadhola wa Tororo:
Waliona. Mtu anaweza kukupigia kura akiwa na matumaini, matumaini yakiisha ndio anakumbuka wewe si wa kwao.

Mzee wa Nakivubo:
Mnahangaika na Marekani na jambo lenyewe tuliliona hapa Kampala. Aprili 2007 mnaikumbuka? Serikali inataka kuipa kampuni ya sukari ya Wahindi wa Mehta pale Lugazi kama hekta 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo, ipandwe miwa. Watu wakaandamana na walikuwa na haki, hata mimi moyoni nilikuwa nao, nilikuwa nauza mikanda na soksi mkononi, siku hiyo sikuuza kitu. Maandamano yalianza yakiwa ya msitu, wanaimba, wanaisema serikali. Alafu sijui ilikuwaje, nikasikia maduka yanafungwa, yale mageti ya chuma yanashuka moja baada ya jingine mtaa mzima, grrr grrr, ndani Wahindi wamejifungia, polisi wakaja kuwachukua wawafiche. Mhindi mmoja alipigwa mawe akafa. Aliyetaka kugawa msitu alikuwa Ikulu, huyu aliyekufa hakuwa na hata mti mmoja wa Mabira. Ikulu ni mbali na ina bunduki, Mhindi yuko hapa na ngozi yake inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Amin alilijua hilo zamani, Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90, watu wakashangilia, miaka miwili haikupita sukari na sabuni tunapanga foleni. Kwa hiyo Jadhola mimi niko na wewe nusu. Njaa ilikuwepo kweli, ila mwenye njaa anamtafuta wa kumpiga, na kama rais mwenyewe ndiye mwenye ile ngozi basi kazi imerahisishwa.

Wa Stej Malaba:
Mzee umenishika pabaya. Lakini mbona 2011 haikuwa hivyo? Vitu vilipanda ajabu, Aprili mpinzani Besigye akawatoa watu watembee kwa miguu kwenda kazini, kufika Oktoba mfumuko wa bei ukapita asilimia 30. Yeye ni wa Rukungiri, wa magharibi kama Museveni, na waliomfuata pale Kampala wengi Waganda. Hakuna aliyeuliza kabila lake, walikuwa wanauliza bei ya mafuta.

Mama Duka Jinja:
Hawakuuliza lake sababu alikuwa upande wao. La Museveni waliliuliza sana, wewe hukupanda taksi mwaka ule? Kila kitu ni "hawa wa magharibi wamekula wakamaliza", hata mpiga debe ambaye mke wake ni Mnyankole.

Wa Stej Malaba:
Sawa, hiyo niliisikia hata hapa. Ile asilimia 16 ya Jadhola sina jibu lake. Ila Iowa siwaachii. Dereva anarudi Alhamisi na mzigo kutoka Mombasa, nitamsomea hii yote, na najua atasema ameshinda.